Siku Arubaini za Bashayer

Ruwi, Alhamisi 9 Januari 2025

Kwa Mama yangu Bi Kheiria,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta umeketi, umenyoosha mguu kama daktari alivyosema, na goti linakupa nafasi ya kupumua. Sisi huku wazima. Maan kaota gego na kila akiniona ananiuma nalo. Jaifar yuko kazini benki. Nilimuuliza, "Nimwambie nini mama yako?" Kasema, "Msalimie." Basi unasalimiwa.

Mama, naandika kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Nikikuuliza umepika nini, unasikia. Nikikuuliza kuku wametaga mangapi, unasikia. Nikikuuliza Bashayer anakuja lini, mara upepo, mara simu imeisha chaji. Karatasi haina upepo. Nampa Bakhit, dereva wenu wa samaki, akimaliza kushusha mzigo sokoni Mutrah, na wewe jioni unaipata.

Ijumaa ya kwanza ulisema mtoto ana kikohozi. Ya pili kikohozi kimepona lakini kalala. Ya tatu kuna harusi ya jirani. Mama, huyu mtoto ana miaka mitano, ana shughuli kuliko waziri. Kwa adabu zangu zote nakukumbusha: nilipomzaa Maan kabla ya wakati, wakamtia kwenye kile kisanduku cha kioo hospitali, ulikuja wewe mwenyewe ukanambia, "Nipe Bashayer nikae naye siku zako arubaini, wewe uguza kichanga chako." Nikakubusu mikono nikalia. Hizo arubaini sasa ni miaka miwili na miezi minne. Septemba Bashayer anaanza darasa la kwanza. Nataka aanzie huku, kwangu.

Uliniuliza hii skuli ya jioni nasoma nini hata kusiwe na mwisho. Sasa hivi ni tarikhi ya Ulaya ya zamani. Mwalimu wetu, Ustadha Khawla, katwambia somo lisilokuingia mweleze mtu asiyelijua. Akielewa, nawe umeelewa. Nilimjaribu Jaifar, akalala. Umebaki wewe. Unajua mimi niliolewa natoka Form Two kule Unguja, na Kiarabu cha vitabu nakipanda kama ngazi iliyovunjika. Mtihani uko Juni, na nikifaulu naingia darasa la kumi na moja. Nisaidie kwa kusoma tu.

Walikuwako watu wakiitwa Wafaranki. Dola ya Warumi ilipovunjika, mfalme wao mmoja, Klovis, akawapiga wenzake wote akawaweka chini yake. Wafalme wa ukoo wake walifuga nywele, ndiyo alama yao. Mfalme akikatwa nywele, ufalme umekwisha. Hapo ndipo nilipofika.

Mbusu Bashayer shavu zote mbili.

Mwanao,
Khulood


Qurayyat, 14 Januari 2025

Kwa Khulood, mkaza mwanangu,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako imefika inanuka jodari, nimeianika juu ya mto wangu wa kulalia ndo nikaisoma. Goti liko palepale, na mimi niko palepale. Masikio yangu hayana kitu, mwanangu. Ni hizo simu zenu.

Mtoto si samaki wa kumpakia kwa Bakhit kila Alhamisi. Kikohozi kilikuwa kweli. Harusi ilikuwa kweli, na Bashayer ndiye aliyebeba udi, wakamsifu mpaka nikamsomea nisije nikamtia jicho mwenyewe. Hapa ana kuku wake, ana ua la kukimbilia, ana sura kumi na moja kichwani. Huko kwenu ghorofa ya tatu ana nini? Lifti.

Na umeniletea fitina. Nimemhadithia hao wafalme wako wa nywele, basi siku mbili hizi nikimkamata na kitana ananambia, "Usiniguse, mimi Mfaranki!" Nnachana kichwa cha mfalme tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Nna suali. Huyo Klovis aliwapiga wenzake kwa jeshi. Jeshi linakula. Alikuwa akilisha na nini? Usinambie nyara, nyara zinakwisha.

Mamako,
Kheiria


Ruwi, Alhamisi 6 Februari 2025

Kwa Mama yangu,

Assalaam alaykum. Afya yako ndiyo furaha yetu, na tulipokuja kwako Ijumaa niliona unatembea vizuri, alhamdulillahi. Maan kalala. Naandika haraka kabla hajajua.

Mama, kuna jambo lilinichoma sana Ijumaa na sikulisema mbele ya watu. Bashayer alianguka pale barazani akachubuka. Mimi nilikuwa karibu, hatua mbili. Akanipita akakukimbilia wewe, "Mama! Mama!" Nilipomfuta damu akanambia, "Asante, Khulood." Khulood! Kama mimi muuza duka. Jaifar akacheka, ati mtoto anaiga anavyomsikia yeye akituita, wewe Mama na mimi Khulood. Mimi sikucheka. Wewe ulisikia, Mama, usiniambie hukusikia. Masikio yako hayana kitu.

Na suali lako, nilimpelekea Ustadha Khawla, akasema, "Huyo mama mkwe wako mlete darasani." Jawabu ndilo hili. Wafalme hawakuwa na mishahara. Walikuwa na ardhi. Mfalme anamwambia mtu wake: chukua shamba hili na watu waliomo, ule, unifugie farasi, na nikiita vita uje. Yule mtu anapiga magoti, anatia mikono yake miwili ndani ya mikono ya bwana wake, anaapa. Shamba si lake. Kaazimwa tu, na akifa linarudi. Kwa Kiarabu wanaita iktaa, Ustadha kasema kwa Kiswahili ni umwinyi.

Lakini hebu sikiliza yaliyofuata. Mtu kakaa na shamba miaka ishirini, kapanda, kajenga. Akifa, mwanawe yumo ndani na mlango kaufunga. Mfalme anasema, "Nirudishieni." Wanasema, "Kipi?" Mwisho kilichoazimwa kikawa cha kurithi, na mfalme kabaki na jina.

Mama, unaona ninakokwenda. Na mimi nilikuazima. Kwa mapenzi, lakini nilikuazima.

Mwanao anayekuheshimu,
Khulood


Qurayyat, 11 Februari 2025

Khulood,

Waalaykum salaam. Sote wazima. Kuku mmoja kaliwa na paka.

Hilo neno umwinyi usiniandikie tena. Baba yangu pale Unguja alikuwa na minazi sitini na mikarafuu ya kuhesabu kwa vidole. Yalipokuja Mapinduzi wakamwita mwinyi. Mimi mtoto wa miaka minane nikapanda chombo na nguo nilizovaa na mto mmoja, huu mwekundu. Usinifanye mwinyi uzeeni kwa kuwa nimelea mjukuu wangu.

Na mtoto haazimwi. Sahani huazimwa. Mtoto ni wa ukoo, na kwetu sisi mjukuu wa kwanza hulelewa na bibi yake mzaa baba. Sikuitunga mimi. Mama mkwe wangu alinifanyia hayo, na yeye alifanyiwa. Muulize mama yako Unguja kama nnasema uongo.

Kuniita mimi Mama, sikumfundisha. Wala sitamkataza. Utamwambiaje mtoto aache neno alilolizoea?

Nakuletea ndimu na papa mkavu. Muonyeshe Jaifar, usimnyime kwa hasira zako kwangu.

Bibi yake Bashayer,
Kheiria


Ruwi, Alhamisi 27 Februari 2025

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na Ramadhani hii ituingilie kwa kheri sote, na ikukute goti limepona ili usali tarawehe umesimama kama unavyopenda.

Mama, nisamehe ule umwinyi. Sikujua habari ya mto. Jaifar hakunihadithia, na nilipomuuliza alisema, "Kwani sikukwambia?" Huyu mwanao siku moja atanitoa roho. Hiyo barua yako niliisoma mara tatu, na papa mkavu nimempikia.

Na habari njema! Jaribio la tarikhi nimepata kumi na saba juu ya ishirini. Mimi! Jawaher aliyesoma skuli ya kulipa kapata kumi na nne. Nilitembea kutoka darasani mpaka kituo cha basi sioni magari. Nikataka kumwambia mtu, nikamwambia yule Mbangali mwenye duka anakonunua Jaifar sigara, akanipa biskuti ya Maan.

Nakupa somo lililonipatia hizo alama, kwa sababu ni tamu. Wale wafalme wenye nywele walizidi uvivu. Wanakaa kitini, wanapokea wageni, wanapandishwa gari la ng'ombe. Kazi yote inafanywa na msimamizi wa nyumba: jeshi lake, funguo zake, ghala lake. Alikuwako mmoja akiitwa Karolo Nyundo, huyo ndiye aliyewarudisha Waarabu kule kaskazini ya Andalusi. Mwanawe, Pepini, akachoka kufanya kazi ya mtu mwingine. Basi mwaka 751 hivi akapeleka wajumbe kwa Papa wa Roma na suali moja tu: nani anastahiki kuitwa mfalme, mwenye jina au mwenye kazi? Papa akajibu: mwenye kazi. Wakamkata nywele yule mfalme wakamtia kwenye nyumba ya watawa, na Pepini akatawazwa. Mtoto wake ndiye Sharlimani, mkubwa wao wote.

Nilicheka nikamkumbuka Jaifar. Na yeye anakaa kitini, ila hana hata nywele.

Usajili wa darasa la kwanza umefunguliwa, Mama. Nimemwambia Jaifar aende skuli ya hapa karibu akitoka kazini. Nakwambia mapema ili lisikufikie ghafla.

Mwanao,
Khulood


Qurayyat, Ramadhani 6 (tarehe 6 Machi 2025)

Khulood mwanangu,

Waalaykum salaam. Saumu inakwenda, alhamdulillahi. Hongera kwa kumi na saba. Nimewambia jirani zangu wote, na mwenye biskuti Mungu amlipe.

Somo lako nimelisoma likaningia. Huyo Papa kajibu sawasawa. Sasa na mimi nakupelekea wajumbe. Nani alikesha na homa ya Bashayer ya mwezi wa kumi? Nani aliyemuachisha kukojoa kitandani? Nani anajua kuwa halali bila kushika sikio la mtu? Nani kamtoa mwiba wa samaki kooni kwa tonge la wali? Wewe mwanangu una jina, na jina zuri, sikunyang'anyi. Lakini kazi?

Jaifar kaja hapa Jumatatu kufuturu. Tumekwenda naye skuli ya hapa Qurayyat asubuhi yake, tumemuandikisha Bashayer. Skuli iko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, mwalimu ni binti wa shoga yangu. Jaifar katia saini. Nikadhani kakwambia.

Mamako,
Kheiria


Ruwi, 8 Machi 2025

Mama,

Salaam alaykum. Sote wazima.

Hakuniambia. Nimeyasoma kwenye barua yako, nimesimama jikoni, sambusa zimeungua zote. Alipoingia nikamuuliza, "Umetia saini nini Qurayyat?" Kasema, "Karatasi." Karatasi gani? "Mama alinipa kalamu."

Mama alinipa kalamu! Mwanamume mzima wa miaka thelathini na moja.

Mimi nilikuhadithia somo langu, furaha yangu. Wewe ukalichukua ukanipiga nalo. Sina la kuandika tena. Idi nakuja kumchukua mwanangu.

Khulood


Ruwi, Ijumaa 4 Aprili 2025

Kwa Mama Kheiria,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu akukubalie saumu yako, na ya kwangu pia, ingawa yangu ilijaa hasira.

Yaliyotokea Idi uliyaona, lakini nataka niyaandike ili tusije tukayasema kila mtu na lake. Nilikuja na begi la nguo mpya za Bashayer. Nikamwambia, "Twende nyumbani." Akajificha nyuma ya tangi la maji, akalishika lile bomba kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka jirani wakatoka. Hukumwambia nenda, hukumwambia kaa. Ulisimama tu na kanga mdomoni. Nami ningeweza kumbandua kwenye lile bomba. Nina nguvu hizo. Nikaona mikono yake ilivyokuwa myeupe kwa kukaza, nikaacha. Nikalia kutoka Qurayyat mpaka Amerati, Jaifar anaendesha, ananambia, "Basi." Basi nini? Hajui mwenyewe.

Nilikasirika na Wafaranki pia, nikakitupa kitabu chini ya kitanda. Maan akakitoa akaanza kukila. Nikamnyang'anya, na ukurasa uliobaki mkononi mwangu ulikuwa wa Sharlimani. Nikausoma tu kwa vile uko mkononi. Mama, yule bwana alikuwa mfalme wa nusu ya Ulaya na hakuwa na mahali pamoja pa kukaa. Miaka mingi alizunguka na mke, watoto, makarani na masufuria, anafika shamba hili, anakaa mpaka ghala liishe, anahamia shamba la pili. Ustadha Khawla kasema ilimlazimu. Bwana asiyeonekana anasahauliwa. Ukitaka chako kikujue, nenda ukale nacho.

Basi mimi Jumapili nakuja. Nakuja na Maan, begi moja la nguo na moja la vitabu. Sijaja kumchukua mtu. Nakuja kukaa mpaka mtihani, wiki tisa. Ustadha atanitumia masomo kwa simu. Jaifar atabaki Ruwi, ana mayai na ana akili zake. Siombi ruhusa, Mama, naarifu, na nisamehe kwa ujeuri huu. Mimi sitaki Papa aniandikie kuwa mwenye kazi si mimi. Nipe kazi.

Mwanao,
Khulood


Qurayyat, jikoni kwangu, 23 Aprili 2025

Khulood,

Salaam alaykum. Nakuandikia kutoka jikoni kwa vile uko chumba cha mbele na tangu juzi hatusemezani. Nimempa Bashayer akuletee. Naona hata karatasi zimetuzoea.

Wiki mbili na nusu umekaa kwangu. Umenifulia bila ya kuambiwa, umenivunjia birika, umemzoesha Maan kulala juu ya kuku. Nikaona sawa. Lakini juzi ulimsuka Bashayer. Nikaona misuko imelala upande, nikaifumua nikasuka yangu. Ukaifumua ukasuka yako. Jana nikaifumua. Leo mtoto kanijia kashika kichwa, "Kinauma." Nikaingiwa na haya kwa mara ya kwanza tangu uje.

Nna jambo sijapata kumhadithia mtu, na Jaifar pia halijui. Unamjua wifi yako Nasriya, dadake Jaifar kwa baba, ndivyo mnavyojua, aliyeolewa Mabela. Unadhani kwa nini yeye huniita Bi Kheiria? Umewahi kujiuliza? Ni mwanangu wa tumboni, wa kwanza. Mama mkwe wangu alimchukua ana miezi minane, maziwa yaliponivimba nikapata homa, ati mpaka nipone. Nilipona wiki hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikakaa kungoja waniletee. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa pili, Khulood, ningekwenda kwa miguu kabla chai haijachemka. Sikwenda. Niliona haya, niliogopa watasema sina adabu. Nasriya sasa ana wajukuu, na Idi anakuja ananibusu mkono kama mgeni, anakaa nusu saa, anaangalia saa.

Nilipompata Bashayer nikajiambia, safari hii na mimi zamu yangu. Ndo hivo. Sikwambii ili unionee huruma. Nakwambia kwa vile umekuja na masufuria yako, na mimi nilishindwa kuvuka mtaa.

Kheiria


Chumba cha mbele, siku hiyo hiyo

Mama,

Alaykum salaam. Bashayer kaniletea barua yako na kaulizia tembo. Nilimwambia Harun Rashid alimpelekea Sharlimani tembo wa zawadi, na sasa anataka kujua tembo alipita mlango gani. Na mimi sijui. Somo hilo sijafika.

Ya Nasriya nimeyasoma. Bado nina hasira nawe, Mama, sitasema uongo. Ila sasa sijui niielekeze wapi.

Kesho msuke wewe. Kesho kutwa mimi. Na hakuna kufumua!

Birika nitanunua.

Khulood wako


Ruwi, Jumanne 17 Juni 2025

Kwa Mama yangu Bi Kheiria,

Assalaam alaykum. Ni siku tano tangu nirudi huku kwa mtihani na naona kama mwaka. Goti linasemaje? Maan anakula? Anakuuma? Mpige kidogo, kidogo tu.

Nyumba nimeikuta ina vikombe kila mahali. Jaifar kanunua mafuta ya kupikia chupa nne kwa sababu kila akitaka kukaanga yai hakumbuki alikoweka ile ya kwanza. Lakini kanipeleka mtihanini, kangoja nje kwenye jua saa nzima, na nilipotoka akanipa maji. Nasema mazuri yake pia.

Sasa sikiliza. Nimekesha na Wafaranki tangu Januari. Najua nywele zao. Najua mashamba yao, viapo vyao, suali la Pepini, jibu la Papa. Nimegombana na mama mkwe wangu kwa ajili yao, nimehama nyumba kwa ajili yao. Nimefungua karatasi ya mtihani. Suali la kwanza: Wafoinike. La pili: mto Naili. La tatu: vita vya Wagiriki. Nikageuza nyuma. Nikageuza tena. Hakuna hata Mfaranki mmoja, Mama! Hata unywele wao! Nikanyoosha mkono nikamuuliza msimamizi kama kuna karatasi ya pili. Kanambia nikae.

Nimejibu yote hata hivyo. Wafoinike niliwajua kidogo. Nadhani nitapita. Wallahi nadhani nitapita.

Ijumaa nakuja. Nitakaa tena kama utanikubali.

Mwanao,
Khulood


Qurayyat, 19 Juni 2025

Kwa mwanangu Khulood,

Waalaykum salaam. Maan kala, kauma, kapigwa kidogo. Nimekasirika na hao waliotunga mtihani mpaka nimekosa usingizi. Wangelinuliza mimi maswali ya Wafaranki, ningelijibu yote.

Usije Ijumaa. Ngoja nikwambie kwa nini, usianze kulia.

Tangu umeondoka Bashayer anaamka, ananuliza, "Khulood yuko wapi?" Nnamwambia kwenye mtihani. Anakwenda kukaa mlangoni, viatu kavishika mkononi. Siku ya kwanza nikamuacha. Siku ya pili nikamwambia ingia ndani kuna jua. Siku ya tatu nikenda nikakaa naye. Tukakaa wote wawili mlangoni kama mafakiri. Nasriya hajapata kunikalia mlangoni, mwanangu. Hakuwa na wa kumngojea. Sikuwahi kwenda kwake hata siku moja nikaondoka.

Jana nimekwenda skuli mwenyewe na goti langu, nikasema nataka jina la Bashayer litolewe, anahamia Ruwi. Kijana wa pale kanambia, "Mpaka baba mtu, bibi." Nikampigia Jaifar. Kaja mchana huo huo, na nguo za kazi. Nikampa kalamu.

Jumapili anakuletea watoto wote wawili. Mkiwa huko, Ijumaa na Jumamosi ni zangu, kila wiki, awe na kikohozi au hana. Na hili siombi, naarifu. Wewe si ndiye uliyenifundisha?

Usimlazimishe neno lolote. Muache.

Mamako,
Kheiria


Ruwi, Alhamisi 26 Juni 2025

Kwa Mama yangu Kheiria,

Assalaam alaykum. Natamani ningekuwa naandika kuwa huku kumetulia. Hakujatulia.

Bashayer kafika Jumapili kakumbatia ule mto wako mwekundu, kaingia akauliza kuku wako wapi. Jumatatu kapanda na kushuka lifti mara ishirini, bawabu kaja juu kulalamika. Jumanne kalia kutwa anakutaka wewe. Nikakaa naye sakafuni, nikampa sikio langu alishike. Kalishika, kasema la kwako kubwa zaidi. Nikavumilia.

Jana nimempikia wali. Hakula. Nimepika tena leo mchana, nimetia nazi kama ulivyonionyesha, nimekoroga, nimefunika. Kaweka tonge moja mdomoni, katema kwenye sahani. Nikamwambia, "Wali huu huu wa Bibi!" Akasema sivyo. Nikasema ndivyo. Akasema sivyo. Maan akamwaga maji. Mimi nikapiga kelele, nimechoka, Mama, nimechoka na wali na maji na lifti. Na yeye akasimama juu ya kiti, mikono kiunoni, mishipa imemtoka shingoni, akanipigia kelele kunishinda: "Mama, we hujui kitu!"

Kwa hasira, Mama. Lakini kasema.

Nimekaa chini palepale na mwiko mkononi nikaanza kucheka na kulia pamoja. Kadhani namcheka. Kakasirika mara mbili, kaenda kujifungia chooni, na sasa anasema hatoki. Jaifar yuko mlangoni anambembeleza. Mimi nakuandikia upesi Bakhit asije akanipita.

Wali bado hajala. Kesho jioni tunakuja kwa siku zako, ila nataka ale mchana kabla hatujatoka, basi mpe Bakhit jibu asubuhi kabla hajapakia barafu: chumvi unaitia kabla ya tui au baada yake?

Mwanao,
Mama Bashayer